Simu Nayo Ina Hodi Yake

Na Mwandishi Wetu

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani pamoja na mzee mmoja wa mtaa wetu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, tukinywa kahawa chungu kwa kashata. Mzee alikuwa akinihadithia safari ya jahazi aliyoifanya ujanani mwake kwenda Lamu, na alikuwa amefika pale tanga lilipopasuka na nahodha akaanza kusoma dua kwa sauti. Mara akatokea kijana, mjukuu wa nduguye mzee. Akatoa salamu, akaubusu mkono wa babu yake, akaketi kwa heshima zote. Hata hajatulia kitako, simu yake ikalia.

Kijana aliipokea papo hapo, akaiweka kwenye kipaza sauti, na kwa muda wa robo saa sote pale barazani, na muuza kahawa, na watoto waliokuwa wakicheza gololi, tukajua nani anamdai nani, shilingi ngapi, na kwa sababu gani mwenye kudai haaminiki. Mzee alinyamaza, akakitazama kikombe chake. Yalipokwisha, kijana akatia simu mfukoni, akatabasamu, akasema, "Haya babu, endelea."

"Tushafika Lamu, mwanangu," akajibu mzee.

Nataka msomaji afahamu kwamba kijana yule si mtovu wa adabu. Angekuwa mtovu wa adabu asingeubusu mkono. Alifunzwa nyumbani na chuoni namna ya kuingia mahali walipo wakubwa, namna ya kuketi, namna ya kupokea kikombe kwa mkono wa kulia. Lakini simu hakufunzwa na mtu. Na angefunzwa na nani, ilhali wazazi wake waliipata mwaka mmoja naye?

Sisi tuliozaliwa zamani kidogo twaikumbuka simu ya waya. Neno lenyewe, simu, wajuzi wa lugha husema latokana na Kiajemi, na maana yake ni uzi wa madini. Leo uzi umekwenda zake, jina limebaki. Simu ile ilikuwa dukani kwa mtu mmoja, au ofisini, au katika kile kibanda cha Posta ulichoingia na sarafu zako mkononi huku mtu wa nyuma akigonga kioo. Simu ilikuwa na mahali pake kama kisima. Aliyetaka kuzungumza alikwenda iliko, akasema haja yake kwa ufupi kwa kuwa sarafu zinamwishia, akarudi nyumbani. Haikumfuata mtu mezani, wala kitandani, wala msikitini.

Kufikia mwaka 2000 makampuni mawili ya simu za mkononi yalikuwa yakishindana nchini Kenya, na mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na tangu hapo hata muuza mbaazi na mahamri wa Kibokoni hawezi kutoka nyumbani bila simu. Sisemi hayo kwa kulalamika. Mwandishi huyu hulipiwa kazi yake kwa simu, hutuma ada za madrasa za wajukuu kwa simu, na ndugu zake walioko Ghuba huwaona nyuso zao kila Ijumaa kwa simu. Neema ni neema. Lakini kitu kilichoingia nyumbani bila ya kupitia mlangoni hakikupata mtu wa kukifunza hodi.

HODI TATU

Nasi watu wa hodi tunaijua vizuri. Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimia wenyewe, na aya inayofuata yasema ukiambiwa urudi, rudi, ndilo jambo safi zaidi kwako. Na kila aliyekaa chuoni anakijua kisa cha Abu Musa Al-Ashari aliyekwenda kwa Sayyidna Umar. Aliomba ruhusa mara tatu, hakujibiwa, kwa kuwa Umar alikuwa ameshughulika, akaondoka zake. Umar alipomwuliza kwa nini hakungoja, alijibu kwamba ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyofundisha: mara tatu, na usipopata ruhusa ujirudie. Umar akataka shahidi, na Abu Said Al-Khudri akaja kushuhudia.

Sasa yapime hayo na mambo ya leo. Nimepata kutoka msikitini nikakuta katika simu yangu miito kumi na mmoja ya mtu mmoja, yote ndani ya muda usiofika dakika ishirini. Moyo ulinidunda. Nikadhani nyumba imeshika moto, au kuna maiti. Nilipompigia, mikono ikinitetemeka, nikaambiwa, "Ah, nilitaka kujua tu nguru leo ni bei gani hapo sokoni."

Mtu huyo huyo hawezi kusimama mlangoni pangu akabisha mara kumi na moja. Angeona haya, na majirani wangemchungulia madirishani. Mbele ya simu haya hiyo haipo, kwa sababu hakuna amwonaye. Nami nadhani hapo ndipo penye shina la maradhi yote haya: adabu zetu nyingi zililindwa na macho ya watu, na simu imetuweka mahali pasipo na macho.

Kuna na hili la kukasirika. Tangu mwaka 2014 WhatsApp ilipoleta zile alama mbili za buluu za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa, pameingia ugomvi baina ya ndugu na baina ya mke na mume kwa sababu ya alama mbili tu. "Umesoma, hukunijibu." Bwana, huenda nimesoma huku nikimpandisha mama ngazi. Yule aliyeambiwa arudi mlangoni aliamrishwa arudi bila kinyongo, sembuse yule ambaye hakuambiwa arudi ila amengojeshwa nusu saa!

Na mpigaji ajitaje. Hapa kwetu mtu akipiga hodi huulizwa, "Hodi n'nani?" Sahaba Jabir alibisha mlango wa Mtume, akaulizwa ni nani, akajibu, "Ni mimi." Mtume akalirudia neno lile, mimi, mimi, kama aliyelichukia. Maana "mimi" si jina. Kila mtu ni mimi. Basi hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa wiki umepokea simu kutoka nambari usiyoijua, na jambo la kwanza kuambiwa, kabla ya salamu, ni "Nani mwenzangu?" Yeye ndiye aliyebisha, na yeye ndiye anayemwuliza mwenye nyumba jina! Na ukimwuliza wewe atacheka, "Yaani umenisahau? Hebu kisia." Mtu mzima, na mchele uko jikoni waungua, aachwe akisie.

Saa za kupiga nazo si jambo jipya. Sura hiyo hiyo ya An-Nur, katika aya ya 58, imezitaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani sharti waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa wao: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya sala ya isha. Ikiwa mtoto wa ndani ya nyumba ana mipaka hiyo, vipi mtu wa mbali apige simu saa tano za usiku, tena simu ya picha, inayomfungukia mwanamke wa watu kichwa wazi kitandani? Simu ya picha, kwa maoni yangu, isipigwe kabisa ila imetanguliwa na ujumbe wa kuuliza. Nayajua majumba ambamo mabibi wamekuwa wakilala na mtandio karibu na mto, si kwa baridi, bali kwa kumhofia mjukuu aliyeko ng'ambo, apendaye kuwaonyesha rafikize bibi yake.

MSIKITINI NA HARUSINI

Habari ya msikitini imesemwa sana mimbarini, nami sitairefusha. Ila kuna jambo moja dogo. Aghalabu simu ya mtu ikilia katika sala, mwenyewe husimama kama mlingoti, akaiacha ilie mpaka ichoke, kwa kuogopa kwamba akitia mkono mfukoni sala itabatilika. Jamaa mzima wasikilize zumari rakaa nzima! Katika madhehebu yetu ya Shafii, mashekhe husomesha kwamba kinachobatilisha ni harakati kubwa tatu za mfululizo. Kuupeleka mkono mara moja mfukoni na kubonyeza hakufiki huko, na ni bora mara mia kuliko kuwaharibia unyenyekevu watu mia mbili. Na wale wanaochezesha vidole juu ya kioo imamu akiwa katika hutuba, wakumbuke kwamba hata kuchezea changarawe wakati huo kulihesabiwa kuwa ni upuuzi. Changarawe, tena, hazikuwa na picha.

Wengine wamedhani dawa ni kuweka adhana au kisomo cha Kurani kuwa mlio wa simu. Nia njema, lakini simu humlilia mtu popote, hata chooni, na mtu akiipokea huikata aya katikati ya neno. Mlio wa kawaida watosha.

Harusini jambo ni zito zaidi. Usiku wa kupamba ni usiku wa wanawake: mabuibui yamevuliwa, nywele zimesukwa, hina imekolea, na kila mmoja amejipamba kwa sababu anajua mle ndani hamna macho ya kiume. Huo ni mkataba, ingawa hakuna aliyeutia sahihi. Sasa mmoja anyanyuapo simu kumpiga bibi harusi picha, nyuma ya bibi harusi wamo wanawake ishirini ambao hawakuulizwa. Picha hutumwa kwa shoga, shoga akamtumia dadake, dadake ana mume, na kesho yake yuko kijana Majengo anayetoa hukumu juu ya wake za watu. Nimesikia ndoa iliyotikisika kwa picha ya namna hiyo, na mwanamke mwenyewe hakufanya lolote ila kuitikia mwaliko.

Siku hizi wenye shughuli wameanza kuandika katika kadi kwamba simu zisitumike kupiga picha, na wengine huweka mtu mlangoni mwenye kikapu cha kuzipokea. Wapo wanaonung'unika kwamba wanatendewa kama wezi. Mimi nasema kikapu kile ni pazia, na nyumba ya heshima haikosi pazia. Hata sheria ya nchi inakubaliana nao: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na sheria ya kulinda data za watu ilipitishwa mwaka 2019. Lakini bibi wa Kuze hangoji kwenda mahakamani. Aibu ikishatembea haina hakimu wa kuirudisha.

TANZIA

Nimezungumza sana juu ya makosa ya wengine. Sasa niseme langu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Desturi yetu ni kumsitiri maiti upesi. Mtu akifa alfajiri, aghalabu huzikwa adhuhuri au alasiri ya siku hiyo hiyo, kwa hiyo habari sharti itembee kwa haraka. Zamani ilitembea kwa miguu. Vijana walitumwa mitaani, msikitini pakatangazwa, na walioko mbali wakapelekewa simu ya maandishi au wakaisikia redioni katika matangazo ya vifo ya Sauti ya Kenya. Hata hivyo, kwa watoto wa maiti habari haikutupwa tu. Alitafutwa mtu mzima, mwenye busara, akaenda. Aliketi kwanza. Alisema, "Mama hali yake si nzuri." Akangoja. Akasema, "Hali imekuwa mbaya sana." Ndipo baadaye akasema lililomleta, na mkono wake uko begani mwa mfiwa. Wengine huuona huo kuwa ni uwongo. Mimi nauona ni ngazi; mtu hushushwa kidato kidato asianguke.

Mwaka 2018 jirani yetu mmoja, bibi mwema aliyetulea sote mtaani, alifariki usiku. Habari niliipata msikitini baada ya sala ya alfajiri. Sikuwa hata nimevaa viatu. Nilitoa simu nikaandika "Inna lillahi" na jina lake, nikaituma katika kundi letu la watu tuliosoma pamoja, kundi la watu zaidi ya mia mbili waliotapakaa toka Malindi mpaka London. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Mara pole zikamiminika, nami nikawa najibu moja moja, nikihisi kwamba nimefanya wajibu.

Bibi yule alikuwa na binti kitinda mimba aliyeolewa Muscat. Nduguze wawili wa kiume walikuwa wamekwisha kushauriana usiku ule ule: wampigie mumewe, mumewe arudi nyumbani, amwambie yeye, ana kwa ana. Mume alikuwa zamu kazini na angetoka saa mbili. Mpango mzuri. Ila ujumbe wangu ulitoka Mombasa ukaenda London, ukatoka London ukarudi Muscat, na haukuchukua hata dakika ishirini. Kule saa zao zinatutangulia kwa saa moja. Binti yule alikuwa ndani ya gari nje ya lango la shule, watoto wawili wako kiti cha nyuma na mikoba yao, simu ikalia kidogo, akaitazama. Rafiki yake wa zamani alikuwa amemwandikia, "Pole sana kwa msiba wa mama."

Alimpigia kaka yake. Alipokea. Akamwuliza, "Mama yu hali gani?"

Kaka yake, asijue kwamba nduguye ameshajua, akapanda kidato cha kwanza cha ile ngazi: "Mama amelala. Nitakupigia baadaye."

Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilipopashwa na mmoja wa wale nduguze kwamba habari imemfikia dada kabla ya wakati, nilijaribu kuufuta ule ujumbe. WhatsApp tangu mwaka 2017 ilikuwa imeweka njia ya kufutia watu wote. Lakini hufuta mlango mmoja tu. Waliokwisha kuupeleka mbele, wao hauwafuti. Nilikuwa nafagia maji ya bahari.

Hakuwahi maziko. Alikuja kwa arobaini. Siku ya pili yake, baada ya magharibi, nikasikia hodi mlangoni, hodi ya taratibu. Mke wangu akamkaribisha. Alitoa shikamoo, akaketi, akakubali chai. Tukasomeana fatiha ya mama yake. Kisha akasema:

"Ami, mimi sina neno nawe, wallahi. Wewe ni mkubwa wangu. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Siku ile ulipoandika, ulikuwa wamwandikia nani?"

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Waliohitaji kuja mazikoni walikuwa Mombasa, na wengi wao walikuwa nami mle msikitini. Wa London asingeweza kuja. Kama ingekuwa lazima nimjibu kwa haki, ningesema sikumwandikia mtu yeyote. Nilitaka niwe wa kwanza. Nilimwambia, "Mwanangu, nisamehe." Akasema ameshasamehe siku nyingi. Akamaliza chai yake akaenda, na mke wangu hakunisemesha mpaka isha.

Watu wa umri wangu hupenda kuwalaumu vijana kwa mambo ya simu, na mfano wa mzee wa jahazi nimeuanza mimi mwenyewe. Lakini katika hili la kurusha habari, vijana wametushinda kwa adabu. Sisi wazee ndio tunaopeleka mbele kila dawa ya kitunguu saumu, kila dua isiyo na sanadi, kila tanzia ya mtu ambaye bado yu hai. Aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuitenda, nasi tumeihifadhi tangu tuna miaka minane, na bado kidole hutangulia. Mwaka 2020 wenye WhatsApp wenyewe ilibidi waweke kizuizi: ujumbe uliokwisha kupita mikononi mwa watu wengi upelekwe kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Kampuni ya Marekani ndiyo iliyotushika mkono.

Baada ya kisa kile kundi letu lilikubaliana kwamba tanzia itaandikwa na wafiwa, au na mtu waliyemtuma wao. Halikukubaliwa kwa urahisi. Mmoja alisema maziko hayangoji, na kwamba tukichelewesha habari maiti atasaliwa na safu moja. Hoja yake ilikuwa na uzito, nasi tulijadiliana siku tatu. Mwisho tulipatana kwamba aliye mjini apelekewe mbio, kwa kupigiwa simu na kwa kipaza sauti cha msikiti kama desturi. Kundi lingoje wenyewe.

Mwezi uliopita, asubuhi, mwenzetu mmoja aliandika, "Jamani, kuna msiba Kibokoni." Hakutaja jina. Mtu akamwuliza, "Watoto washajua?" Kimya kikapita. Kisha akajibu, "Amebaki mmoja, yuko Dubai. Mjomba wake ampigia sasa."

Watu zaidi ya mia mbili, hakuna aliyeandika neno. Jina lilitoka saa nne na nusu, likiletwa na mtoto wa marehemu mwenyewe. Maziko yalikuwa Kikowani baada ya alasiri, na nilipofika sikupata pa kusimama ila nje ya ukuta.